Skrini Inapocheza Katikati ya Usanifu

Skrini inayocheza pale tu programu ya usanifu inapofunguliwa, mwanga ukipanda na kushuka na mshale wa kipanya ukikwamakwama, kwa kawaida si mbovu. Mara nyingi chanzo ni teknolojia ya kuioanisha skrini na kadi ya michoro, iliyobuniwa kwa ajili ya wacheza gemu. Nvidia ilitangaza ya kwake, G-Sync, mwaka 2013. Mwaka uliofuata shirika la VESA liliingiza Adaptive-Sync katika DisplayPort 1.2a, na juu ya msingi huo AMD ikajenga FreeSync. Siku hizi hata skrini za bei ya kati huja nayo, na nyingine hutoka kiwandani ikiwa imeshawashwa.

Bila teknolojia hii, skrini huchora picha upya kwa mwendo usiobadilika, tuseme mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60. Gemu haiendi hivyo. Kuna sehemu nyepesi na sehemu nzito, na kadi ikichelewa picha hukatika katikati. Teknolojia hii huifanya skrini isubiri picha ikamilike ndipo iichore, hivyo hezi hupanda na kushuka kufuata kasi ya kadi.

Programu ya usanifu kama Photoshop au Blender haina haja ya kuchora mfululizo. Msanifu akizungusha umbo, picha mpya hutiririka; akitulia kutazama, huenda isije hata moja. Mfumo ukiidhani programu hiyo kuwa ni gemu, hezi huanza kurukaruka. Kwenye skrini yenye uwezo wa hezi 48 hadi 144, picha 50 kwa sekunde huonyeshwa kwa hezi 50. Zikishuka hadi 45, ziko chini ya kikomo, kwa hiyo kila moja huonyeshwa mara mbili na skrini hurukia hezi 90. Nukta za skrini nazo hazishiki mwanga kwa uthabiti kamili kati ya mchoro mmoja na unaofuata, hivyo muda huo ukibadilika ghafla, mwanga nao hubadilika kidogo. Paneli za VA na OLED ndizo zinazoonyesha kasoro hii zaidi, hasa kwenye kijivu kilichokolea, rangi ambayo programu nyingi za usanifu zimeichagua kwa madirisha yake.

Kuna njia mbili rahisi za kuthibitisha. Skrini nyingi zinaweza kuonyesha hezi za wakati huo kupitia menyu yake yenyewe. Namba ikirukaruka kila kitu kinaposogezwa, chanzo kimepatikana. Skrinishoti nayo husaidia: hunasa picha kabla haijafika kwenye skrini, kwa hiyo kasoro ya mwanga wa paneli haiwezi kuonekana ndani yake. Ikionekana, basi tatizo liko kwenye programu au draiva.

Wengi hukimbilia kuizuia programu isitumie kadi ya michoro. Kucheza huweza kukoma, lakini kazi huwa nzito bila sababu. Ni heri kuanza na mipangilio ya Nvidia, ambako G-Sync inaweza kuruhusiwa kwa programu zilizojaza skrini nzima peke yake, badala ya zilizo kwenye dirisha pia. Anayecheza gemu zake ndani ya dirisha anaweza kuiacha G-Sync ilivyo na kuifungia programu moja ya usanifu kwenye hezi zisizobadilika, katika orodha ya mipangilio ya kila programu. AMD nayo huruhusu FreeSync kuzimwa kwa programu moja moja. Kompyuta isipotumika kwa gemu kabisa, njia fupi ni kuizima teknolojia hii kwenye menyu ya skrini. Kwenye MacBook Pro za inchi 14 na 16 zilizoanza kutoka mwaka 2021, mipangilio ya skrini ina nafasi ya kuchagua hezi maalumu, kama 60, badala ya hezi zinazobadilika za ProMotion. Baada ya badiliko lolote programu ifungwe na kufunguliwa upya.

Hezi zikishatulia na skrini bado inacheza, kebo ndiyo ya kushukiwa kwanza, hasa ya zamani inayobebeshwa hezi 144. Kuzipunguza hadi 60 kwa majaribio hutoa jibu haraka. Kisha hufuata draiva, na hapo ndipo kuizuia programu isitumie kadi kunakuwa kipimo chenye maana.