Maziwa Hayaoshi Mapafu

"Daktari, siku za kuyeyusha huwa nawapa vijana wangu pakiti moja moja ya maziwa. Ya robo lita inatosha, ama niwape nusu?" Aliyeuliza ni mama mwenye karakana ya vito vya shaba huko Kawangware. Kabla yake aliniuliza fundi wa Kibera, na kabla ya huyo mchomeleaji wa Gikomba, mpaka rangi wa Industrial Area na mnyunyizaji dawa wa mashamba ya maua Naivasha. Wote wanataka kujua kipimo. Hakuna hata mmoja anayeuliza kama maziwa yenyewe yanafanya kazi.

Hayafanyi. Si robo, si nusu, si mtungi mzima.

Mama huyu si mwajiri mbaya. Analipa mafundi Ijumaa bila kusukumwa, haajiri watoto, na kila bangili anayouza ina kikaratasi kinachomweleza mnunuzi kwamba imetengenezwa kwa maadili kutokana na vyuma chakavu. Biashara ya namna hii ina soko. Mwaka 2011 hata picha za matangazo ya mikoba ya Vivienne Westwood zilipigwa Nairobi, mahali mikoba yenyewe iliposhonwa, na tangu hapo wanunuzi wa ng'ambo wanaotafuta bidhaa zenye maadili hawajaacha kuja. Tatizo ni kwamba maadili yake yameishia kwenye mshahara. Hayajafika kwenye kalibu.

Tuangalie kinachoingia mle ndani. Kufuli zilizovunjika, mifereji ya maji, vali, vichwa vya bomba: vyote ni shaba ya njano, ile mafundi wanaita brasi. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, nao huyeyuka ukifika nyuzi joto 900 na kidogo. Zinki peke yake huchemka kwa nyuzi 907. Kwa hiyo fundi anapongoja brasi ilainike vizuri ili ijaze kila kona ya umbo la mchanga, zinki imeshaanza kumponyoka. Moshi mweupe mnaouona ukipanda, ule unaotua baadaye kwenye paa na kamba za nguo kama sufi, ni zinki iliyokutana na hewa.

Moshi huo huvutwa kwa pua na mdomo, hushuka kwenye koo la hewa, hufika mapafuni. Maziwa hushuka kwenye umio na kuingia tumboni. Zikishaachana kooni, njia hizi mbili hazikutani tena. Mtu akikwambia maziwa "yanafunika kifua" au "yanateremsha moshi", muulize yamepitia wapi. Tone la maziwa likipotea njia na kuingia kwenye mapafu, utakohoa mpaka macho yatoke, na likiwa jingi utalazwa hospitali. Mwili wenyewe umeweka mlango kuyazuia yasifike huko mnakodai yanafanya usafi.

"Lakini, Daktari, mbona tukinywa tunapona?" Hapo ndipo imani hii ilipojichimbia, na nataka tuing'oe na mzizi wake.

Mtu aliyevuta moshi wa zinki kwa wingi hupata homa ya mafusho. Haianzi papo hapo. Huja baada ya saa nne hadi kumi, mara nyingi jioni akiwa ameshafika nyumbani: baridi na kutetemeka, viungo kuuma, kifua kubana, kikohozi, na ladha ya chuma mdomoni hata chai haiondoi. Wengi hudhani ni malaria, wakanunua dawa ya malaria. Kisha homa hiyo huondoka yenyewe katika siku moja au mbili. Aliyekunywa maziwa hupona. Aliyekunywa soda hupona. Aliyelala njaa naye hupona. Ila ni yule wa maziwa peke yake anayerudi karakanani kutoa ushuhuda.

Kuna ujanja mwingine wa homa hii. Mwili ukivuta moshi siku mfululizo huuzoea kwa muda, na dalili hupungua. Ukipumzika wikendi, mazoea hayo hupotea, na siku ya kwanza kazini homa hurudi kwa kishindo. Ndiyo maana tangu zamani wafanyakazi wa viwanda vya shaba wameijua kama homa ya Jumatatu. Sasa fikirini: fundi anaugua Jumatatu, anapewa maziwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi yuko imara. Nani asiyeyasifu maziwa? Lakini ni mwili wake umezoea kwa siku chache, na Jumapili akipumzika mambo yanaanza upya.

Msidhani ni ujinga wa jua kali peke yake. Umoja wa Kisovieti uliwagawia maziwa wafanyakazi wa kazi zenye sumu, na sheria ya kazi ya Urusi ingali inaagiza hivyo hadi leo. Kugawa maziwa ni rahisi kuliko kubadilisha tanuri. Mwajiri anaonekana ana huruma, mfanyakazi anajiona amelindwa, na moshi unaendelea kupanda. Hilo ndilo linalonikera: maziwa yanawalewesha watu kwa usalama ambao hawajaupata.

Kuna chembe ya ukweli, nami niitaje kabla wajuaji hawajaniandikia. Mtu asiyepata kalisi ya kutosha kwenye chakula hufyonza madini ya risasi, nitakayoyafikia hivi punde, kwa wingi zaidi tumboni. Kwa hiyo lishe bora, maziwa yakiwemo, ina faida kwake na hasa kwa mtoto. Lakini hiyo ni habari ya chakula cha kila siku na ya risasi iliyomezwa. Haihusu moshi uliovutwa, wala maziwa hayatoi risasi ambayo tayari imeingia mwilini.

Sasa tazameni pakiti hiyo inavyonywewa. Fundi ametoka kupanga kufuli chakavu na kusugua bangili kwa msasa. Vidole vyake ni vyeusi mpaka kwenye kucha. Anapokea pakiti, anaishika kona, anaing'ata kwa meno, anatema kipande cha plastiki, kisha ananyonya pale pale vidole viliposhika. Vumbi lililokuwa mkononi sasa limeingia mdomoni, limesindikizwa na maziwa. Dawa mliyoigharamia ndiyo iliyombebea sumu.

Na sumu yenyewe kubwa si zinki. Zinki inatesa na kuondoka. Mgeni asiyeondoka ni madini ya risasi. Watengenezaji wa mifereji, vali na kufuli huchanganya risasi kwenye brasi ili ikatike kirahisi kwenye mashine, mara nyingi asilimia 2 au 3. Piga hesabu: kilo 10 za mifereji yenye risasi asilimia 2 zina gramu 200 za risasi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, na katika joto la kuyeyushia brasi inafuka. Haina harufu ya kukuonya wala homa ya jioni ya kukushtua. Hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, kisha hujificha kwenye mifupa kwa miongo. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake huachia sehemu ya risasi hiyo nayo humfikia mtoto tumboni. Kwa mtu mzima huleta shinikizo la damu, figo kuharibika na tumbo kusokota. Kwa mtoto hudumaza akili, na akili hiyo hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano ya mtu mzima. Katika Kibera na Kawangware, ukuta wa karakana mara nyingi ndio ukuta wa chumba cha kulala. Mnaelewa ninachosema.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kiliwamwagia majirani risasi mpaka watoto wakaugua. Phyllis Omido, aliyewaongoza wakazi, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikazunguka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama na wakazi. Karakana ya mafundi wanne si kiwanda cha betri. Lakini risasi ni ile ile, na mtoto wa jirani ni yule yule.

Kama afya haikushtui, labda soko litakushtua. Tangu Oktoba 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu sehemu yoyote ya pambo iwe na risasi inayofikia asilimia 0.05 ya uzito wake. Mfereji wa asilimia 2 umeipita hiyo mara 40. Bangili yako yenye hadithi nzuri ya kufuli iliyozaliwa upya inaweza kuzuiwa bandarini Ulaya, na mnunuzi hatakuletea swali la maziwa, atakuletea hasara. Na mvaaji mwenyewe? Mtoto wake anatafuna bangili ya mama.

Basi mfanye nini? Nitasema haraka, maana hakuna lililo gumu.

Anzeni na malighafi. Msiyeyushe mifereji, vali na kufuli kwa ajili ya vito. Nunueni bamba na waya wa brasi ambao muuzaji anaweza kuonyesha karatasi ya vipimo vyake, mkate, mgonge na kukunja bila kuyeyusha. Waya wa shaba nyekundu ni mzuri, ila menyeni plastiki kwa kisu. Kuichoma kunatoa sumu nyingine. Chakavu nunueni kwa mfanyabiashara mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na mchukue risiti. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi na uharibifu wa miundombinu ya umeme, na shaba ya wizi haiwi ya maadili kwa kupigwa msasa. Mkiwa na oda ya Ulaya, pelekeni sampuli ya kila shehena maabara.

Mkilazimika kuyeyusha, yeyusheni nje, mbali na milango ya watu, fundi akisimama upande upepo unakotoka. Msizidishe joto kuliko linalohitajika. Funikeni brasi kwa boraksi au unga wa mkaa na mmimine mara inapokuwa tayari. Kinyago kiwe cha mpira kinachobana uso, chenye vichujio vya P100 au P3. Kile cha buluu cha hospitali na leso iliyolowanishwa havikukingi na moshi huu. Ndevu huvujisha kinyago, kwa hiyo zinyolewe. Fimbo za fedha za kuunganishia zisiwe na kadimi, kwa sababu moshi wake unaweza kumuua mtu siku chache baada ya kudhani amepata mafua. Wanaokata na kung'arisha mifupa na pembe za vito wafanye kazi ikiwa imelowa maji, nao wavae kinyago.

Zoeni vumbi kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unalirudisha hewani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kuliwa, chai na sigara zikiwemo. Nguo za kazi zibaki kazini. Watoto wasicheze uani. Mafundi wapimwe risasi kwa damu ya mshipani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita, tafuta inakotoka na uizuie. Dawa za kuitoa zipo kwa viwango vikubwa, hutolewa hospitali, na hazina maana kama mgonjwa anarudishwa kwenye moshi ule ule. Sajilini karakana kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na gharama yake haikatwi kwenye mshahara.

"Pesa za vinyago nitatoa wapi?" Tuseme pakiti ya maziwa ni shilingi 60. Mafundi wanne, siku 24, ni shilingi 5,760 kwa mwezi. Zinapatikana kila mwezi na hamkuwahi kulalamika. Zihamishieni kwenye vinyago na vichujio, sabuni, na vipimo vya damu, kisha gharama hiyo iingie kwenye bei ya kila bangili, mahali ilipostahili kuwa tangu mwanzo. Mnunuzi anayelipia maadili ameshakubali kulipia hilo.

Maziwa wapeni kama chakula, baada ya kunawa, mbali na kalibu, kwenye kikombe. Lakini msiandike neno maadili kwenye lebo kabla hamjaona majibu ya damu ya mafundi wenu. Wapelekeni wakapimwe kabla ya oda za Krismasi.