Ana mume Kamembe, mpakani bado ni mgeni

ASUBUHI, kabla jua halijapanda juu ya Ziwa Kivu, foleni ya mpakani Rusizi ya Kwanza huwa imekwisha kuwa ndefu. Wamo wauza nyanya, wamo wanafunzi na wabadilisha fedha. Wamo pia watu wasiouza wala kununua kitu. Hawa wanakwenda nyumbani. Tatizo lao ni kwamba nyumba iko upande mmoja wa mto, na uraia uko upande wa pili.

Ofisa akiuliza, "Unakwenda wapi, mama?" jibu la moyoni ni neno moja: "Kwangu." Jibu linalolingana na karatasi alizoshika ni jingine: "Kutembea." Basi anagongewa muhuri wa mgeni, anahesabiwa siku zake, kisha anapanda kilima kwenda Kamembe kuwapikia watoto aliowazaa mwenyewe.

Ndoa kati ya Bukavu na Cyangugu si jambo la jana. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule zilipoanzisha jumuiya yao ya Maziwa Makuu, CEPGL, watu wa pande hizi walikuwa wameshaoana kwa vizazi. Mwaka 2006 mkoa wa Cyangugu ulifutwa na wilaya ikaitwa Rusizi. Wazee waliendelea kusema Cyangugu, na harusi nazo ziliendelea.

Sasa msomaji, hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba cheti cha ndoa ndicho kibali cha kuishi. La hasha! Cheti kinasema nani ni mke wa nani. Hakisemi nani anaruhusiwa kukaa nchini kwa miezi mingapi. Mke Mkongo wa Mnyarwanda anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi kwa sifa ya kuwa mwenzi wa raia, na maombi ya namna hiyo siku hizi huanzia kwenye mtandao wa Irembo. Hadi kibali kitoke, akivuka kwenda kuzika shangazi Kadutu, akirudi anaingia tena kama mgeni, hata kama funguo za nyumba zimo mkobani.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jetoni. Karatasi hiyo ya kuvukia ni ya watu wa mpakani, ya kwenda na kurudi, na imewasaidia wachuuzi wengi. Lakini kwa mtu aliyeolewa ng'ambo inageuka kuwa mazoea. Leo jetoni, kesho jetoni, mwaka unapita, watoto wanaanza shule. Siku anapotakiwa kuonyesha kwamba ameishi Rwanda, hana daftari lolote linalomtaja kama mkazi. Mihuri mia ya mgeni haijumlishwi ikawa ukaazi mmoja.

Wapo waliodhani mambo yangekwisha mwaka 2022, Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza, kutembea na kukaa. Lakini haki ya ukaazi humo imefungwa na kazi: anayeipata ni mfanyakazi au aliyejiajiri, pamoja na mwenzi wake na watoto wake. Mama aliyemfuata mume katika nchi ya mume mwenyewe anarudi kwenye sheria za nchi hiyo.

Basi si achukue uraia, yaishe? Hapo napo pana mwiba. Sheria ya uraia ya Rwanda ya mwaka 2008 ilitaka ndoa iwe imetimiza miaka mitatu. Ile ya 2021 inataka mitano. Rwanda inaruhusu uraia wa nchi mbili. Kongo hairuhusu: sheria yake ya mwaka 2004 na katiba ya 2006 zinasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, na haushikwi pamoja na mwingine. Mama anayepokea wa Rwanda anauacha wa Kongo, na pengine pamoja nao usalama wa kiwanja alichoachiwa na baba yake kule Bagira. Na mume Mnyarwanda akitaka kuhamia kwa mkewe Bukavu, sheria ya Kongo inamsubirisha miaka saba ya ndoa kabla ya kuomba.

Kisha vyeti. Aliyefunga ndoa kwenye komini ya Ibanda huenda akahitaji muhuri wa ubalozi. Januari 2025 Kinshasa iliwaondoa wanadiplomasia wake Kigali, na Februari mwaka huohuo Bukavu ikaingia mikononi mwa M23. Kwa upande wa Bugarama, wenye wenzi Warundi walikwishaonja shida mapema, Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Wakubwa wanapogombana, mwenye karatasi pungufu ndiye anayelala njiani.

Wengine hushauriwa wamfiche ofisa habari za ndoa. Ushauri mbaya huo. Si Rusizi peke yake. Marekani, aliyeingia kwa viza ya utalii huku nia yake tangu mwanzo ilikuwa kuhamia kwa mumewe anaweza kuhesabiwa amedanganya, na Uingereza haimruhusu mgeni kubadili viza ya matembezi kuwa ya mwenzi akiwa humo humo nchini. Aliyesema ukweli, "Nina mume, nimeomba kibali, risiti hii hapa," anaweza kucheleweshwa. Aliyedanganya ameacha uongo wake kwenye kompyuta, nao utasomwa siku ile ombi lake litakapofunguliwa.

Jioni foleni inageuka. Wauza nyanya wanarudi Bukavu na beseni tupu, na wale wengine wanavuka kuja huku, pasi mkononi, wakipiga hesabu ya siku zilizobaki.