Nyongeza ya Januari: Asilimia Redioni, Dola Mfukoni

Kila Oktoba simu za wazee wetu wanaoishi Marekani huanza kulia. Mjukuu anapiga kutoka Tanga: "Shikamoo, bibi. Tumesikia serikali imewaongezea pensheni!" Bibi anaitika marahaba na kushukuru. Januari pesa zinapoingia benki, anavaa miwani, anaitandaza barua mezani na kuhesabu mara mbili. Kiasi alichokitarajia hakipo. Hakuna aliyemwibia. Tatizo ni kwamba redio ilitaja asilimia, na asilimia ile ilipita mahali pengine kabla ya kufika kwake. Safari hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu nyumba nyingi hupanga kodi, dawa na pesa za kutuma nyumbani kwa kutegemea namba isiyo yao.

Tuanze na chanzo. Januari 31, 1940, Ida May Fuller wa Ludlow, jimbo la Vermont, alikuwa mtu wa kwanza kupokea pensheni ya kila mwezi ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani: dola 22.54. Vita vikapiganwa vikaisha, bei zikapanda, naye akaendelea kulipwa dola 22.54 zilezile kwa miaka kumi. Mwaka 1950 ndipo Bunge lilipopitisha nyongeza, na hundi yake ikafika dola 41.30. Enzi hizo kila nyongeza ilisubiri wabunge wakubaliane. Sheria ya 1972 iliondoa kungojangoja huko, na tangu 1975 mafao yanafuata bei yenyewe, bila mzee kuomba wala kujaza fomu.

Hesabu yake si ngumu. Serikali huchukua fahirisi ya bei ya familia za mijini zinazoishi kwa ujira na mishahara ya ukarani. Hutafuta wastani wa Julai, Agosti na Septemba, kisha huulinganisha na wastani wa miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2024 wastani ulikuwa 308.729, mwaka 2025 ukawa 317.265. Tofauti hiyo ni asilimia 2.8, na ndiyo nyongeza ya 2026. Bei zisipopanda, nyongeza haipo: ndivyo ilivyokuwa kwa malipo ya 2010, 2011 na 2016. Zikishuka, mafao hayapunguzwi.

Kwa hiyo nyongeza kubwa haina maana ya mwaka wa neema. Asilimia 8.7 ya mwaka 2023 ilikuwa kubwa kuliko zote kwa zaidi ya miaka 40, lakini ilikuja baada ya wazee kununua mayai, mafuta ya gari na umeme kwa bei ya juu mwaka mzima. Nyongeza hufika nyuma ya bei, ikiziba pengo lililokwisha kuchimbwa. Tena kipimo chenyewe hufuata matumizi ya watu walio kazini, ilhali mzee wa miaka 75 hutumia sehemu kubwa zaidi ya pesa yake kwa matibabu.

Sasa turudi mezani kwa bibi. Tuseme mwaka 2025 pensheni yake kabla ya makato ilikuwa dola 1,500. Asilimia 2.8 ni dola 42, hivyo barua mpya inasema 1,542. Lakini mchango wake wa Medicare Sehemu B, bima inayolipia madaktari na vipimo, hukatwa hapohapo, nao umepanda kutoka dola 185.00 hadi 202.90. Mwaka 2025 alibakiwa na 1,315. Mwaka 2026 ni 1,339, baada ya senti kuondolewa. Katika zile 42, dola 17.90 zimekwenda kwenye bima na senti 10 zimepotea katika kukata hesabu. Zilizomfikia ni 24.

Kwa mwenye pensheni ndogo zaidi, sheria imeweka ukuta. Anayelipwa dola 600 huongezewa 16.80, pungufu ya mchango ulivyopanda. Hapo mchango wake huzuiwa usimpunguzie alichokuwa akipokea mkononi. Kinga hiyo haiwafikii wanaoanza bima mwaka huohuo wala wenye kipato kikubwa wanaotozwa zaidi.

Wanaolipwa kwa sababu ya ulemavu hupata asilimia hiyohiyo, ila wana namba nyingine ya kuangalia. Kiwango cha kipato cha kazi ambacho mtu akikivuka anaweza kuhesabiwa kuwa anajimudu na kukosa malipo, kwa asiye kipofu, kimepanda kutoka dola 1,620 kwa mwezi hadi 1,690. Kikomo hiki hufuata mishahara ya nchi nzima, si bei za dukani. Anayejaribu kurudi kazini kidogo kidogo akikumbuka namba ya zamani, anaweza kukataa saa za kazi alizoruhusiwa.

Upande wa SSI, msaada wa wazee na walemavu wenye kipato kidogo sana, kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kimetoka dola 967 hadi 994. Lakini akiba anayoruhusiwa kuwa nayo bado ni dola 2,000, na kwa wanandoa 3,000, kama ilivyokuwa mwaka 1989. Hili linaniuma. Mtu anaongezewa ili amudu bei za leo, kisha anazuiwa kuweka akiba kwa kipimo cha zaidi ya miaka 35 iliyopita. Kikomo hicho nacho kingepaswa kupanda na bei.

Basi barua ya malipo mapya inayokuja Desemba isiishie kwenye droo. Tafuta mistari mitatu: kiasi kabla ya makato, makato yenyewe, na kitakachoingia benki. Linganisha na barua ya mwaka jana, kisha panga matumizi yako kwa ule mstari wa mwisho. Na mtu akikupigia kudai umpe namba yako ya Hifadhi ya Jamii ili nyongeza "ifunguliwe", kata simu. Nyongeza huja yenyewe.

Mjukuu akipiga tena kuuliza ni kweli wameongezewa, bibi atakuwa na jibu kamili: "Ndiyo, mjukuu wangu. Dola ishirini na nne."