Kabla ya Dodoso Kuingia Darasani

Mwaka 2012 watafiti waliwahoji wanafunzi 3,706, wengi wao wa miaka 11 hadi 14, katika shule za msingi za wilaya ya Luwero, kaskazini mwa Kampala. Maswali yalihusu ukatili unaowapata nyumbani na shuleni. Watoto 529 walieleza mambo mazito kiasi cha kulazimu wapelekwe kwa vyombo vya ulinzi wa mtoto. Wafuatiliaji walipokagua baadaye, ni kesi 20 tu zilizokuwa zimeshughulikiwa ipasavyo.

Na timu ile haikuwa ya kubahatisha. Iliunganisha shirika la Raising Voices la Kampala na London School of Hygiene & Tropical Medicine, ikiwa na mpango wa rufaa uliotayarishwa mapema. Kazi yake ilileta mabadiliko ya kweli. Katika jaribio la Good School Toolkit, mpango wake wa kupunguza ukatili shuleni, lililohusisha shule 42 za wilaya hiyohiyo, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule zilizopata mpango huo walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita. Katika shule ambazo hazijaupata walikuwa asilimia 49.

Sasa iondoe timu hiyo na bajeti yake, umweke mhadhiri msaidizi wa Mbale anayesomea shahada ya uzamili, mwenye madodoso aliyoyatoa fotokopi kwa pesa yake na nauli ya bodaboda mfukoni. Msichana wa kidato cha pili anamwambia hataki tena kuishi. Atampeleka wapi, saa ngapi, na nani atapokea simu?

Misaada mingi kwa watafiti chipukizi huanzia kwingine: warsha ya kuandika maombi ya ruzuku, mafunzo ya takwimu, namna ya kuchapisha makala. Yote yana faida. Lakini anayechunguza sonona na hofu miongoni mwa wanafunzi anashika jambo linaloweza kumlipukia mkononi siku ya kwanza, na msaada unaomfaa zaidi ni njia ya rufaa iliyo hai.

Jinja na Mbale, zilizopandishwa hadhi kuwa majiji siku moja, Julai 1, 2020, zinaweza kuijenga njia hiyo kwa urahisi kuliko wilaya nyingi za Uganda. Kila moja ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Ipo pia Sauti 116, simu ya bure ya kitaifa ya kumsaidia mtoto. Shuleni wapo walimu walezi, wa kike na wa kiume, ambao kazi yao ni kuwasikiliza wanafunzi, ingawa wengi hufanya hivyo juu ya ratiba iliyojaa vipindi. Kinachokosekana ni makubaliano yaliyoandikwa: jina la afisa tabibu wa magonjwa ya akili atakayempokea mtoto, siku zake za kliniki, na nani atalipa nauli. Mwanafunzi wa uzamili hawezi kuyapata makubaliano hayo peke yake kila anapoanza utafiti. Idara ya chuo inaweza, tena mara moja kwa wote.

Mbale yenyewe inajua utafiti unavyoota mizizi. Hospitali yake ilikuwa miongoni mwa vituo sita vya Uganda, Kenya na Tanzania vilivyoshiriki jaribio la FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 kuhusu watoto 3,141 yalionyesha kwamba kuwamiminia haraka maji ya mishipani watoto mahututi wenye homa kali kuliongeza vifo, na madaktari duniani walilazimika kufikiri upya. Leo mji una Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Mbale, na Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema kimekuwapo tangu 2013. Daktari kijana anayetaka kujifunza utafiti humkuta mkubwa wake wodini. Mwenzake wa elimu hana bahati hiyo, ingawa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kimekuwa mjini humo tangu 1988. Pande hizi mbili za mji mmoja zingekaa meza moja, nusu ya tatizo ingeisha.

Halafu kuna vibali. Kamati ya maadili ya utafiti hupitia pendekezo, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia husajili, kisha barua huzunguka kwa mwakilishi wa serikali wilayani, afisa elimu na mwalimu mkuu. Mwongozo wa kitaifa wa 2014 unataka ridhaa ya mzazi, na ya mtoto mwenyewe kuanzia miaka 8. Kwa shule za bweni hilo ni kazi ngumu: mzazi yuko mbali, na fomu ya Kiingereza humfikia mtu anayesoma Lusoga au Lumasaba. Wajuzi husubiri siku wazazi wanapokuja kuwatembelea watoto. Mwalimu mkuu naye ana wasiwasi wake, maana adhabu ya viboko imepigwa marufuku na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, na swali kuhusu fimbo kwake lasikika kama upelelezi.

Kalenda haimsubiri mtu. Muhula wa tatu ni wa mitihani ya taifa na madarasa ya watahiniwa hufungwa kwa wageni. Mbale kuna jambo la ziada: miaka inayogawanyika kwa mbili ni ya imbalu, tohara ya Wagisu inayozinduliwa Mutoto mwezi Agosti. Kumpima wasiwasi mvulana anayejiandaa kukatwa hadharani bila kupepesa macho, kisha kuandika kwamba chanzo ni masomo, ni kosa ambalo msimamizi aliyeko Kampala anaweza asiligundue.

Kwamba kijana anaweza, Kenya imeonyesha. Tom Osborn alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza Harvard alipoanzisha Shamiri, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wenye sonona na wasiwasi, na jaribio lake la 2018 huko Kibera lilikuwa na wanafunzi 51. Nyuma yake alikuwapo John Weisz, profesa aliyebobea katika tiba za vijana. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa na wanafunzi 413, vikao vinne tu, vikiongozwa na vijana wa miaka 17 hadi 21 waliofunzwa kwa muda mfupi. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma.

Nje ya Kenya pia kuna mfano wa kuigwa: CARTA, muungano wa vyuo vikuu vya Afrika wa kuwafunza watafiti, ulioanzishwa 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwakutanisha wanafunzi wa uzamivu katika semina nne za pamoja hadi wamalize. Makerere ni mwanachama. Vyuo vya Mbale havimo. Mtindo wake, hata hivyo, unaigika: wanafunzi wachache wa elimu, muuguzi wa akili wa hospitali, mwalimu mlezi mmoja, Jumamosi moja kwa mwezi, kila mmoja akisimulia alichosikia na kilichomnyima usingizi. Anayelenga muhula wa pili inampasa kupeleka maombi kwa kamati ya maadili kabla ya Krismasi, akiambatisha barua ya hospitali inayokubali kuwapokea watoto atakaowahoji.