Sinia Limejaa, Mtoto Je?

Msomaji wa pwani huenda hajafika Wang'uru, lakini Wang'uru imekwisha kufika jikoni mwake. Ndio mji wa mashamba ya mpunga ya Mwea, huko Kirinyaga chini ya Mlima Kenya, unakotoka ule mchele wa pishori unaonukia nyumba nzima siku ya Idi. Mashamba hayo yalifunguliwa katika miaka ya 1950, kwa jasho la mahabusi wa vita vya Mau Mau.

Mtu angedhani mtoto aliyezaliwa penye mpunga haijui njaa. Kitabu juu ya Mwea, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris mwaka 1973, kilichungua hata chungu cha mkulima: chakula chake, afya yake, na kazi za mkewe. Shamba likishikwa na mpunga mtupu, maharagwe na mboga hununuliwa. Na fedha za mavuno si lazima zipite mkononi mwa mama. Tumbo hujaa, mwili usijengeke.

Jicho, basi, halitoshi. Leo muuguzi ana ukanda wa rangi tatu, anaouzungusha kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hapo pana hatari, hadi 12.5 ni njano; kupita hapo ni kijani. Lakini ukanda huonyesha kukonda tu. Kudumaa hujulikana kwa kupima kimo na kukilinganisha na umri, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Wenye miaka 5 hadi 19 wana viwango vyao vya mwaka 2007, navyo hufichua unene uliozidi pia, kwani huo nao ni maradhi. Tone la damu kidoleni hueleza kama damu imepungua.

Tusiwacheke wa bara. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 wa Kenya, wa chini ya miaka 5, wamedumaa. Kilifi yetu, yenye bahari na minazi, walikuwa 37. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi mama, na wewe baba mwenye ufunguo wa kasha, pakueni wali kwa kunde, mchicha na dagaa. Kisha mpelekeni mtoto akapimwe, hata kama anacheka na kukimbia.