Nywele Zinaponyonyoka: Dawa Mpya, Matumaini na Mashaka

Leo tunazungumza juu ya nywele. Huenda ukasema kwamba nywele si ugonjwa, na kuna malaria na kuhara vya kuzungumzia kwanza. Lakini mfikirie msichana wa miaka 12 aliyetokwa na kipara cha mviringo utosini. Hataki kuvua kitambaa, na shuleni vitambaa haviruhusiwi. Siku nyingine haendi kabisa. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa, au kwamba ana virusi. Kwa mama yake jambo hili si dogo hata kidogo. Kisha anasikia kwamba huko ng'ambo kumepatikana dawa ya majaribio inayootesha nywele, na anaanza kuuliza mbuzi wangapi wauzwe.

Je, dawa hiyo ipo? Ndiyo, ipo. Je, itamfaa mtoto wako? Jibu linategemea ugonjwa alio nao, kwa sababu si kila kipara ni kipara kimoja.

Kwa watoto wadogo wa huku kwetu, vipara vingi ni mapunye, yaani choa cha kichwani. Hiki huletwa na kuvu. Ngozi huwa na magamba, mtoto hujikuna, na nywele hukatika karibu na ngozi zikiacha vidoa vyeusi. Pengine tezi za shingoni huvimba. Mapunye huambukizana kwa kitana, kofia, mto wa kulalia na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Hapa huhitaji dawa ya majaribio. Dawa inayojulikana ni tembe za griseofulvini, ambazo mtoto humeza kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa au njugu ili ziingie vizuri mwilini. Krimu peke yake haitoshi, kwa maana kuvu imejificha ndani ya shina la unywele. Tena jihadhari na krimu za dukani zilizochanganywa na steroidi: mwasho unapoa, mama anafurahi, kumbe kuvu inaendelea kusambaa chini kwa chini. Mafuta ya taa na kitunguu saumu kibichi navyo huunguza ngozi tu.

Aina nyingine ni ya kusuka. Matuta yaliyokazwa mpaka mtoto hawezi kulala, au nywele bandia nzito, huvuta mizizi. Nywele za mbele na za juu ya masikio ndizo huondoka kwanza. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi, fumua siku hiyo hiyo, hata kama ulilipa jana. Mizizi ikivutwa miaka mingi hufa na kuacha kovu, na hapo hakuna dawa ya kuaminika ya kuirudisha.

Na wewe mama uliyejifungua miezi mitatu iliyopita, ukaona nywele zimejaa kwenye kitana, usiogope. Ni kawaida, na kwa wengi hurudi kabla ya mwaka kuisha. Homa kali nayo hufanya hivyo hivyo, miezi miwili au mitatu baada ya mgonjwa kupona.

Sasa tuje kwenye ugonjwa ambao dawa hiyo mpya ilitengenezewa. Unaitwa alopesia ya mabaka. Baka huwa laini, mviringo, halina magamba wala usaha, na kwa kawaida haliwashi. Kinachotokea ni kwamba askari wa mwili, yaani ile kinga inayopigana na magonjwa, wanakosea na kushambulia mizizi ya nywele. Hauambukizi, na haukuletwa na uchafu wala uchawi. Kwa wachache nywele zote za kichwa huondoka, hata nyusi na kope.

Mwaka 2014 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza habari za kijana wa miaka 25 asiyekuwa na nywele karibu mwili mzima. Walimpa tembe za tofasitinibu, dawa ya ugonjwa wa viungo, na baada ya miezi 8 kichwa kilikuwa kimejaa nywele. Mwaka huo huo Angela Christiano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walitoa habari za wagonjwa wengine watatu waliopona kwa tembe za jamii hiyo. Christiano mwenyewe aliwahi kuugua ugonjwa huu. Tumaini likawa kubwa. Lakini mtu mmoja, au watatu, si ushahidi wa kutosha, na sababu yake ni hii: mabaka machache mara nyingi hupona yenyewe katika mwaka mmoja. Ukimpaka mtoto majivu akapona, utayasifu majivu. Muuzaji wa chupa sokoni anaishi kwa siri hiyo.

Ndiyo maana watafiti wakawakusanya watu wazima 1,200 waliopoteza nusu ya nywele za kichwa au zaidi. Wengine walipewa tembe za barisitinibu, wengine tembe tupu zisizo na dawa, na mgonjwa hakujua amepewa ipi. Uchunguzi ulikuwa wa makundi mawili, na matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Baada ya wiki 36, waliopewa kipimo kikubwa na kuota nywele karibu kichwa kizima walikuwa 39 katika kila 100 kwenye kundi la kwanza, na 36 kwenye la pili. Kwa tembe tupu walikuwa 6 na 3. Basi dawa inafanya kazi kweli. Lakini hesabu vizuri, mama: zaidi ya nusu hawakufika hapo. Na watu weusi walikuwa wachache katika uchunguzi huo.

Mwezi Juni 2022 Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima wenye hali mbaya, na mwaka 2023 ikaidhinisha nyingine, ritlesitinibu, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Kwa mtoto wa miaka 5, hizi si dawa za kujaribia nyumbani.

Mashaka yangu makubwa yako hapa. Tembe hizi huotesha nywele kwa kuwatuliza wale askari wa mwili, na askari hao hao ndio wanaozuia kifua kikuu kisiamke. Maonyo ya dawa yenyewe yanataja maambukizi makali, kifua kikuu kikiwemo, kuganda kwa damu, na saratani. Migori na Homa Bay kifua kikuu na virusi vya ukimwi tunavijua kwa majina ya jamaa zetu. Mgonjwa lazima apimwe kifua kikuu kwanza, na apimwe damu mara kwa mara. Mwenye mimba au anayenyonyesha hashauriwi kuzimeza. Tena ni ghali mno, na wengi wakiacha kuzimeza nywele hunyonyoka upya.

Sisemi majaribio ni mabaya. Chanjo ya malaria ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014, Siaya na Kombewa zikiwemo, na tarehe 13 Septemba 2019 ikazinduliwa Homa Bay. Lakini kumbuka ilivyokwenda: wazazi walielezwa, walitia sahihi kwa hiari, na hawakutozwa pesa. Mtu akikuletea "dawa ya majaribio" ya nywele, muulize barua ya kamati ya maadili na kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Muulize nani atamtibu mtoto akidhurika, na kama unaweza kujitoa bila kunyimwa huduma. Akitaka umlipe, hayo si majaribio bali ni biashara.

Kwa sasa mpeleke mtoto kituo cha afya akaangaliwe kichwa. Likiwa ni baka laini, omba barua ya kumwona daktari wa ngozi. Kuna steroidi za kupaka au kudunga ambazo zimetumika miaka mingi. Nenda pia shuleni uzungumze na mwalimu mkuu. Mweleze kwamba hauambukizi, na umwombe ruhusa ya kitambaa. Nywele zikianza kurudi huweza kuwa laini kama za mtoto mchanga, tena nyeupe. Usishtuke wala usizipake rangi. Kwa kawaida weusi hufuata baadaye.