Mtoto akisema anataka kuwa mwalimu

Matokeo ya mitihani yakishatoka, simu huanza kulia. Muscat, Dubai, Doha, mpaka Leicester. Salamu ndefu, hali za wazee, kisha habari yenyewe: mtoto amefaulu, alhamdulillah, lakini anasema anataka kusomea ualimu. Hilo neno "lakini" halikosi. Angesema udaktari, mzazi angesema "na anataka kuwa daktari". Ualimu ndio wenye "lakini" yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mwarabu wa Mombasa, nimeshika chaki zaidi ya miaka thelathini. Maswali ninayoulizwa yanafanana, basi nimeona niyajibu hapa mara moja, nanyi mtumiane kwenye simu zenu. Sitampamba mtu. Kazi hii ina uzuri wake na ina dhiki zake, na mzazi ana haki ya kuvijua vyote kabla hajalipa ada.

Shahada yenyewe ni kitu gani?

Kenya wanaiita Shahada ya Elimu, upande wa Sanaa. Tanzania wanaiita Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu. Majina mawili, kitu karibu ni kimoja. Mwanafunzi anasoma masomo mawili atakayokuja kuyafundisha, na papo hapo anasoma ualimu wenyewe.

Wazazi wengine wakisikia "sanaa" hushtuka, wakidhani mtoto anakwenda kujifunza kuchora na kuimba. Sivyo. Sanaa hapa ni Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza na fasihi yake, Kiarabu, Kifaransa, masomo ya dini. Yaani yale yote yasiyokuwa sayansi na hesabu.

Upande wa ualimu una saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu, mitaala, namna ya kutunga mtihani na kuusahihisha kwa haki, na mbinu za kufundisha kila somo lake. Kisha kuna mazoezi ya kufundisha: mwanafunzi anapelekwa skuli halisi, anapewa darasa halisi, na mhadhiri anakuja kukaa nyuma na karatasi yake ya alama. Kenya shahada hii ni miaka minne. Tanzania, kwa kuwa wanapitia kidato cha sita, kwa kawaida ni miaka mitatu.

Njia ya pili ipo

Si lazima mtu apite hapo. Anaweza kusoma shahada ya sanaa peke yake, akamaliza, kisha akaongeza mwaka mmoja hivi wa stashahada ya uzamili ya ualimu. Uingereza njia hiyo ndiyo wengi wanayoipita: shahada kwanza, kisha PGCE na ile hadhi ya mwalimu aliyehitimu. Kenya nako Tume ya Walimu, TSC, inamkubali mwenye shahada ya sanaa aliyeongeza stashahada hiyo, almuradi awe na masomo mawili ya kufundisha.

Ipi bora? Kama mtoto ana hakika anataka kufundisha, achukue ile ya pamoja. Anaokoa muda, na anajaribiwa darasani mapema, angali kijana. Kama anapenda Historia lakini hajui kama anapenda watoto, achukue sanaa kwanza, ualimu utamngoja.

Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alivichukua kimoja kimoja. Alitoka Makerere mwaka 1945 na diploma ya ualimu, akafundisha St. Mary's, skuli ya misheni kule Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada ya M.A., akafundisha tena Pugu, skuli ya misheni vilevile. Akawa rais, na jina watu walilomwitia mpaka kufa ni Mwalimu.

Na yuko wa kwetu zaidi, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Alipofika Uingereza alianzia Chuo cha Christ Church, Canterbury, chuo kilichofunguliwa na Kanisa la Uingereza mwaka 1962 kwa ajili ya kufundisha walimu. Udaktari wa falsafa akaupata Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akasomesha hapo miaka na miaka. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021 ilimkuta amekwisha kustaafu. Basi anayesema kuwa ualimu ni mwisho wa njia, aulize vizuri.

Mimi nilipata nini humo

Sekondari nilisoma skuli ya misheni. Mchana nilikuwa kwa mapadre, jioni niko chuoni kwa maalim wangu na msahafu. Nyumbani wako walionung'unika, lakini marehemu babangu alisema elimu haina kanzu. Pale skuli palikuwa na padre mmoja aliyetufundisha Kiingereza. Kila kipindi aliingia na daftari dogo ambamo aliandika atakachofanya dakika baada ya dakika. Sikujua kuwa kitu kile kina jina, andalio la somo. Nilijua tu kwamba katika kipindi chake hakuna aliyelala.

Mapema miaka ya 1980 nikaingia Kenyatta, wakati huo kingali chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilikuja kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Nikachagua Kiswahili na Historia. Ami zangu walicheka. Mwana wa Mombasa aende Nairobi kusomea Kiswahili? Si sawa na samaki kulipia maji? Na duka ataachiwa nani?

Jawabu la ami zangu nililipata kwenye mazoezi ya kufundisha, skuli ya bara, darasa la watoto hamsini na kitu ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu. Nilikuwa nafundisha upatanisho wa ngeli. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, tunasema kitabu kikubwa, kiti kikubwa. Mbona kifaru si kifaru kikubwa?"

Hebu jiulize wewe unayesoma hapa. Tangu kuzaliwa unasema "kifaru mkubwa" na "kipofu mkubwa", wala hujawahi kukosea. Je, unaweza kumwambia mtoto kwa nini? Kusema lugha ni kitu kimoja, kuijua ni kitu kingine. Jibu nilikuwa nalo kwa sababu ya isimu niliyosomeshwa: chenye uhai, awe mtu au mnyama, hufuata upatanisho wa viumbe hai, hata kama jina lake limeanza na ki.

Lakini upande wa ualimu ulinifundisha nisilitoe jibu lile haraka. Nikaandika ubaoni: kitabu, kifaru, kiti, kiziwi, kisu, kiboko. Nikawaambia wagawe mafungu mawili. Wakabishana, wakasukumana, wakafika. Kisha mvulana wa nyuma akasimama: "Mwalimu, kiboko iko pande zote mbili! Kiboko mkubwa yuko mtoni, kiboko kikubwa kiko ofisini kwa mwalimu mkuu!" Darasa likaanguka kwa kicheko, na mhadhiri wangu kule nyuma pia. Hakuna hata mmoja katika wale aliyesahau ngeli tena.

Hiyo ndiyo faida ya kusoma vitu viwili kwa pamoja. Sanaa ilinipa jibu, ualimu ukanipa subira ya kuwaacha watoto walivumbue. Mwenye kimoja bila chenziwe huchechemea.

Sasa ukweli mchungu

Utajiri haumo. Mwalimu huishi, husomesha wanawe, hujenga polepole, basi. Anayetaka gari kubwa akiwa na miaka thelathini asije huku.

La pili ni ajira. UNESCO ilisema mwaka 2023 kuwa dunia inahitaji walimu zaidi milioni 44 ifikapo 2030, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Ukisikia hivyo utadhani kazi zinamngoja mtu mlangoni. La. Kuhitajika na kuajiriwa ni mambo mawili, kwa sababu mishahara hutoka kwenye bajeti za serikali. Kenya na Tanzania wako vijana wengi wenye shahada hii hii wanaongoja ajira mwaka baada ya mwaka, na nafasi zikitoka, walimu wa sayansi na hesabu hutangulizwa. Mwalimu wa sanaa ni lazima achague masomo yake kwa akili.

Mtoto aliyekulia Ghuba

Hapa ndipo watoto wetu wana bahati wasiyoijua. Kiarabu wamekinywa, Kiingereza wamesomea, Kiswahili wamekisikia kwa bibi. Mwalimu wa Kiingereza na Kiarabu kwa pamoja anatafutwa huku Ghuba na kule pwani pia.

Ila tahadhari nne.

Kwanza, Kiswahili cha jikoni si cheti. TSC ya Kenya inataka mwalimu wa sekondari awe na angalau C+ kwenye mtihani wa sekondari katika kila somo kati ya yale mawili atakayofundisha, au kinacholingana nayo. Mtoto wa Muscat asiyewahi kufanya mtihani wa Kiswahili anaweza kumaliza shahada na akakwama hapo. Akitaka kuja kukifundisha Kiswahili, akifanyie mtihani sasa, angali skuli.

Pili, ulinganisho wa vyeti. Anayekwenda Tanzania na cheti cha sekondari cha nje anakipeleka NECTA kilinganishwe. Shahada za nje ni kazi ya TCU. Shughuli hizi huchukua siku, msingoje wiki ya mwisho.

Tatu, pasipoti. Oman na Tanzania zote hazina desturi ya uraia pacha. Mwenye pasipoti ya Oman akienda kusoma Tanzania huhesabiwa mgeni, mkopo wa serikali haumhusu, na vyuo vingi huwatoza wageni ada ya juu zaidi. Ulizeni ada ya mgeni, msidanganyike na ada ya binamu yake.

Nne, kurudi. Kabla mtoto hajapanda ndege, hakikisheni kwenye wizara ya elimu ya juu ya nchi mnayokaa kwamba chuo kile kinatambuliwa. Shahada isiyotambuliwa ni karatasi ya kutundika ukutani.

Vyuo vipo. Oman, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifungua milango mwaka 1986, na kitivo cha elimu kilikuwamo tangu mwanzo. Zanzibar kipo SUZA, na kipo Chuo Kikuu cha Sumait pale Chukwani, kilichoanza mwaka 1998 kama chuo cha elimu kwa msaada wa taasisi ya Kuwait ya marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait, ambaye sasa kina jina lake. Kilifi kipo Chuo Kikuu cha Pwani.

Mjaribu kabla hujabishana

Mwaka jana binti wa dada yangu, aliyeko Muscat, alitaka njia hii. Babake alitaka asomee ufamasia. Nyumba ikawa moto, chakula hakiliki kwa pamoja. Shemeji akanipigia nimwonye mtoto, binti naye akanipigia: "Mjomba, nitetee."

Sikumtetea wala sikumwonya. Niliwaambia wote wawili jambo moja: likizo hii afundishe. Achukue watoto wanane wa jamaa, siku tatu kwa wiki, Kiswahili cha kusoma na kuandika, na kila siku aandike andalio la somo kama mwalimu. Akichoka wiki ya pili, ufamasia. Asipochoka, shemeji asikilize.

Wiki ya kwanza alilia, watoto hawakukaa kitako. Wiki ya tatu aliniuliza namna ya kumfundisha mtoto wa miaka saba tofauti ya "dh" na "th". Wiki ya sita, shemeji mwenyewe alinitumia sauti ya mtoto mdogo wa ndugu yake akimsomea nyanya yake hadithi kwa Kiswahili, na nyanya anasahihisha kwa furaha. Hakuongeza neno. Binti yuko mwaka wa kwanza sasa, Kiingereza na Kiarabu, na mtihani wa Kiswahili anajiandaa nao pembeni.

Sisemi kila mtoto awe mwalimu. Wengine hushindwa likizo ya kwanza, na ni heri ajue akiwa nyumbani kuliko akiwa mwaka wa tatu. Ila nasema hili kwa wazazi wenzangu: wajukuu wetu wengi huku Ghuba wanamwelewa bibi lakini hawawezi kumjibu. Bibi anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiarabu au Kiingereza. Miaka ishirini ijayo, bibi hayupo. Atakayebaki kuwafundisha ni mwalimu, na mwalimu huyo lazima atoke nyumba fulani. Akitokea yako, usianze na "lakini". Muulize: masomo gani mawili, na utafundisha wapi? Akiwa na jibu, kaeni mtafute chuo.